Sauti ya Nafula Haikufutwa

Mjukuu wangu Nekesa,

Nisamehe kwa kukawia kukujibu. Mtoto anaota meno, halali wala halazi, na hapa Kayole maji huja yakipenda. Lakini tu wazima. Najua inakuchekesha kuitwa mjukuu na mtu wa umri wangu. Nyanyako Nafula alikuwa dada yangu, basi vumilia.

Umeuliza kama ni kweli nilifuta sauti yake. Sikuifuta.

CD ile ilikuwa na nyimbo alizoimba na kwaya. Alipofariki, niliipeleka kwa fundi aongeze picha zake kwenye nafasi iliyobaki. Siku ya kumkumbuka, kaka yetu, babu yako Wekesa, akaitia kwenye kompyuta mbele ya jamaa wote, zikaonekana picha tu.

"Umemzika dada mara ya pili," akaniambia.

"Kaka, ijaribu kwenye redio."

"Wewe mtoto, nyamaza." Akaichukua, akaenda nayo huko kwenu Bungoma.

Fundi alikuwa amenieleza kwamba CD hiyo sasa ina sehemu mbili. Kompyuta hukimbilia sehemu ya mwisho, yenye mafaili ya picha, ikakuonyesha hiyo peke yake. Redio ya CD nayo husoma sehemu ya kwanza, ya nyimbo. Miaka yote hii hakuna aliyejaribu. Ni rahisi kumlaumu mdogo kuliko kushusha redio kutoka kabatini.

Kwa hiyo usinitumie mahindi, wala salamu za Wekesa. Nitumie CD yenyewe, si nakala ya kompyuta, ikiwa imefungwa kwa kitambaa laini. Redio ninayo.

Nyanya yako mdogo,
Nanjala