Linalia na haliendi

Shosti, weka chini unachofanya usome.

Leo nimempakia mama mkwe kwenye gari langu jipya, kiti cha mbele, ili wifi aone. Si unakumbuka alivyolicheka? "Gia gani hiyo, haina moja wala mbili, inateleza tu kwa mkanda humo ndani?" Nikamjibu ndiyo magari ya siku hizi, gia inajibadilisha yenyewe.

Tukafika kile kilima cha kliniki. Nakanyaga mafuta, gari linanguruma kama mashine ya kusaga, mwendo uleule. Nakanyaga tena. Linanguruma zaidi, mwendo uleule.

Mama mkwe akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mbona linalia na haliendi?"

Linalia na haliendi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mara wifi huyo nyuma yetu, na lile kopo lake la gia za mkono, rangi imebabuka. Akaingiza gia namba mbili, akatupita na honi juu. Mkono kwenye gia kama malkia.

Mume wangu huko kiti cha nyuma unajua kasema nini? "Dada anajua kuendesha."

Dada anajua kuendesha. Mimi hajawahi kunisifu hata kwa kuegesha.

Kurudi, wote wawili wakapanda kwa wifi. Mimi nimerudi na mkoba wa mama mkwe.

Tulipofika nyumbani nikajishusha, nikamwomba wifi funguo nijaribu kidogo tu, mpaka getini. Akaniangalia.

"Hapana, wifi yangu. Utaniunguzia klachi."

Na mume wangu, aliyenichagulia gari hili, akaitikia kwa kichwa.