Sesheni Moja kwa Siku Nzima

Jumatatu, 18 Mei
Kigoma na Ujiji yote hakuna kichwa kama changu. Ziwa likipotelewa na samaki, litakuja kuniuliza mimi. Niliishia kidato cha pili, ndiyo. Lakini walimu wangu hata kuwasha kompyuta mpaka waite mtu.
Leo tena ukumbini Rusimbi. Meli imeshusha wakimbizi wengine wa Kirundi kutoka Kagunga kule mpakani, wamechoka vibaya. Tunaandika majina, kwenye fomu kisha kwenye mashine, ili waliopotezana njiani wapatane. Programu nimetengeneza mimi. Kila mtu mstari wake kwenye kanzidata. SQL yenyewe, lugha ya kanzidata, inaandikwa na ORM, programu ya katikati; mimi naamuru tu kama bosi.

Jumanne, 19 Mei
Dada Neema, msimamizi wetu, kaanza. "Kila mtu mfungulie sesheni yake, hifadhi, funga." Sesheni ni kama meza: jina linakaa hapo kwanza, ukihifadhi ndiyo linaingia kwenye kanzidata. Mimi natumia moja asubuhi mpaka jioni, nahifadhi mara moja.
"Dada, huo mwendo wa kobe."
Kacheka, ila si sana.
Saa nane nimetafuta majina ya leo kwenye mashine yangu. Yote yapo. Fomu za karatasi nikampa Mama Zaituni, muuzaji wa pale nje, afungie karanga.
Jioni namba ya kadi ya mkimbizi mmoja imejirudia, programu ikagoma kuhifadhi. Nikaiamuru irudi nyuma, iitupe hiyo kadi. Kelele zikaisha. Nikaenda mpirani. Nimefunga mawili.

Jumatano, 20 Mei
Mama mmoja anamtafuta binti yake Divine, miaka sita. Walipotezana kwenye msukumano wa kupanda meli. Nimetafuta. Hakuna.
"Angalia tena, mwana wanje." Yaani mwanangu, kwa Kirundi.
"Mama, mashine hii haikosei. Nimeitengeneza mimi."
Kapanda boti ya mchana, karudi Kagunga kumtafuta.

Alhamisi, 21 Mei
Mzee niliyemwandika Jumanne kwa mkono wangu hayumo. Kumbe ile kurudi nyuma haikufuta kadi moja, imefuta meza nzima. Watu sitini na mmoja. Na juzi niliwaona kwa sababu niliiuliza sesheni ileile. Ilinionyesha vilivyo mezani, siyo vilivyohifadhiwa.
Mbio kwa Mama Zaituni. "Umekuja kununua au kulia?" Fomu nyingi alikuwa hajazikunja. Nyingine nimezipata kwa wateja, zina chumvi.
Divine yumo. Kapokewa na familia moja Kasingirima, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Namjua kwa sura! Anaruka kamba na mdogo wangu tangu juzi.
Dada Neema kapiga simu Kagunga. Mama yake Divine hajaonekana.

Jumamosi, 23 Mei
Nimeandika upya. Kila mtu sesheni yake, inahifadhi, inafungwa. Kosa likitokea, linaanguka na mtu mmoja tu. Majina yote yamerudi, kasi ileile. Nani mwingine hapa mjini angeweza? Hakuna.
Mama yake Divine bado. Divine kauliza boti inafika saa ngapi.

Jumapili, 24 Mei
Amefika na boti ya asubuhi. Miguu imevimba. Divine hakulia, alishika tu kanga ya mama yake, akagoma kuiachia.
Mama akanishukuru. Mimi. Alidhani nimemtafutia mtoto siku zote hizi. Dada Neema akaniangalia. Nikarudi kwenye mashine bila kumsahihisha.
Basi naandika hapa. Sesheni nilikosea, nimerekebisha, hiyo imeisha. Lakini yule mama aliniomba niangalie tena, na sikuangalia.