Kadi za Manowari

Jumatatu, 5 Mei
Gasketi arobaini leo, zile pete za kuziba maungio ya mabomba. Papa Kalala, mzee wetu wa Kongo, anakata, mimi napanga na kubandika kadi zinazotaja kila kipuri na kimetengenezwa kwa nini. Vipuri vyote hivi ni vya destroya, manowari zilizostaafishwa kabla sijazaliwa. Bosi alinunua ghala zima. Wateja ni wenye maboila ya zamani na wazee wanaofufua meli za makumbusho. Bahari iko mbali, safari ya basi ya siku nzima. Sisi ni mabaharia wa Johannesburg.

Kadi zinazozidi nabandika humu daftarini. Ndiyo shule yangu. Boila ya destroya naijua kuliko ini langu.

Papa Kalala anakohoa tena.

Jumatano, 14 Mei
Papa Kalala amepigwa picha ya mapafu. Daktari kamuuliza alifanya kazi mgodi gani. Kamjibu: "Siyaingiaka mu mine hata siku moya!" Hapa kifua kikiharibika wanajua mgodi tu. Daktari anasema ni vumbi, anataka karatasi ya kuonyesha ni vumbi gani. Papa Kalala kacheka mpaka akashika meza. "Hamisi, meli itaniua na bahari siyaiona."

Alhamisi, 15 Mei
Nimepekua kadi zangu. Gasketi: asbesto. Kitambaa cheupe cha kufunga mabomba ya mvuke: asbesto. Miaka sita nalibandika neno hilo. Nilidhani vumbi lake la kuua mapafu ni balaa la mapaa tu. Msomi mimi.

Halafu nikakumbuka glavu. Papa Kalala alikuwa fundi cherehani kwao Lubumbashi. Alimshonea mke wangu Mwanaidi glavu za kutolea mikate kwenye oveni. Kitambaa kilekile. Nilikipeleka mwenyewe, nikajisifu.

Jioni sikumwambia Mwanaidi. Mwoga.

Ijumaa, 16 Mei
Papa Kalala, mtu wa heshima, kaenda kwanza kwa bosi kuomba barua ya kutaja vumbi hilo. Kwa adabu, kofia mkononi. Saa nne bosi kaagiza kadi zote zing'olewe. "Usafi tu, Hamisi." Nimezing'oa mimi. Nimezichoma mimi. Daftari hili bosi halijui.

Jumatatu, 19 Mei
Nimechana kurasa tatu za humu, zenye kadi za asbesto. Nyuma ya mmoja ilikuwa siku Mwanaidi alipofika kutoka Tanga. Potelea mbali. Tumempelekea daktari. Kasoma, kaandika kwenye faili. "Sharp," ile sawa ya watu wa hapa, kasema Papa Kalala, machozi yakimlengalenga. Daktari kanigeukia: "Na wewe?"

Nimemwambia Mwanaidi. Siku nne nilinyamaza, naye akivaa glavu zile. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Jumapili, 1 Juni
Baridi. Papa Kalala kalazwa wodini, kitanda cha dirishani. Faili lake linasema vumbi la meli. Kaniomba nimsomee mara mbili.

Glavu ziko nje, ndani ya mifuko miwili, zimefungwa. Hakuna aliyetuambia zitupwe wapi. Mwanaidi anatolea mikate kwa kanga iliyokunjwa. Ameungua kidole.

Nimekohoa mara moja, chai ilinipalia. Mwanaidi hakugeuka. Trei ya mikate mikononi mwake ilisimama nusu njia mdomoni mwa oveni, kisha akaitoa.