Mbegu Aliyotumiwa Mapengo

Nyumbani, shamba la bondeni
14 Novemba

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Kile kikohozi kimekuachia? Huko kwenye kituo cha mbegu wanakupa hata nafasi ya kula ukashiba? Sisi hatujambo. Mama anatembea, ila goti linamsumbua akiinama.

Nimesikia umepandishwa cheo. Hongera sana. Sasa nisikilize, maana jambo hili limenikaa kooni.

Mbegu mpya ulimtumia Mapengo, mtoto wa mjomba, mimi dada yako wa tumbo moja ukaniruka! Shamba la baba ni ekari tatu zile zile. Zamani lilitulisha watu saba; leo tuko ishirini na sita, na mke wa kaka ni mjamzito tena. Watoto wanaongezeka, udongo hauongezeki. Nimevuna magunia tisa. Mapengo, kwenye ekari moja tu, kumi na manne.

Wivu ulinishika, sikufichi. Kabla hajavuna niliingia shambani kwake alfajiri, nikavunja mahindi mawili nikayatia kikapuni ili nikayapande. Kugeuka, huyo hapo.

“Dada, hayo usipande,” akasema. “Mbegu hii ukiirudia, mazao yanapungua. Ungeniambia nikuagizie. Si nilikuuliza mwaka jana, ukasema huwezi kufundishwa kulima na watoto wa juzi?”

Kumbe nilisema. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwachia mahindi yake, nikaondoka bila hata kumuaga.

Juzi ghala letu lilibaki vumbi tu. Nilikuwa napunguza chakula cha watoto nikiwadanganya kwamba kuni zimelowa. Mapengo akaja na magunia matatu juu ya mkokoteni, akayashusha, hakunikumbusha lolote. Watoto wakamrukia. Mama akamwita “mwanangu,” neno ambalo mimi sijaitwa tangu masika! Nilikula nimesimama jikoni, nimewapa mgongo, na chakula kilikuwa kitamu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Msimu ujao nitumie mbegu mimi. Na uandike maelezo ya kupanda kwa herufi kubwa, nisilazimike kumuuliza mtu.

Msalimie mkeo na mwanenu. Mama, kaka na mkewe wanakusalimu. Mapengo pia, amenisumbua niandike. Mungu akulinde na akupe kila la heri.

Ni mimi nikupendaye, ingawa nimekununia,
Dada yako mkubwa