Mifupa Mbele ya Kamera

Mshauri mpendwa, niokoe, maana mimi ndiye niliyemchorea shangazi yangu nembo ya mgahawa wake wa mtaani, akaipenda hadi akaichapisha kwenye aproni, kisha akaniomba na tovuti, nami kwa kuwa ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita nikasema hilo dogo, rangi nikapanga, maandishi nikapanga, zikabaki picha za vyakula tu, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu shangazi akipakua sahani niipige picha mimi huonja kidogo kwanza, nikija kushtuka picha ninayoipiga ni ya mifupa, na hivyo ndivyo wiki tano zilivyokwisha, kila siku narudi na kumwambia, "Shangazi, jana mwanga haukukaa vizuri," naye anapakua nyingine bila kuomba kuiona hiyo ya jana. Jumatatu akasema wateja wanaulizia tovuti, nikaona haya, nikaokota picha za kuku na wali mtandaoni nikazibandika, kumbe ni za mgahawa wa ng'ambo ya barabara, wa yule mama asiyesalimiana na shangazi! Kaja na simu mkononi, mbele ya wateja. Shangazi hakunigombeza, kavua tu aproni yenye nembo yangu akavaa ile ya zamani, na tangu siku hiyo sijathubutu kukanyaga pale. Nifanyeje?

Mbunifu Mwenye Aibu

Mbunifu, pole. Pole imeishia hapo, sasa nikuseme. Wiki tano! Mtu mzima unashindwa na paja la kuku? Mficha uchi hazai, nawe umeficha mifupa mpaka jirani kaja kukuumbua.

Futa hizo picha za watu sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Nenda kwa huyo jirani ukaombe radhi mwenyewe, usimtume mtu. Kisha ingia jikoni useme, "Shangazi, nilikuwa nakula." Acha habari za mwanga. Na ile mifupa uliyoipiga picha, iweke kwenye tovuti! Sahani iliyolambwa inavuta wateja kuliko kuku wa kuazima.

Ila kuna jambo limekupita, bwana mdogo. Aliyekulea tangu una miaka sita hajui ukiwekewa sahani unafanya nini? Kakupakulia wiki tano na hajaomba kuona hata picha moja. Tovuti aliiomba, lakini walioitaka ni wateja. Yeye alitaka uje ule. Basi nenda kesho mchana, na kamera uiache nyumbani.