Mama, Ulikuwa Ukihesabu Vidole

Mama yangu,

Ninapokuandikia nimembeba Chelangat, mjukuu wako ambaye hukuwahi kumwona, kwa ile leso yako ya zambarau. Uso wake uko nje, umegeukia pembeni, kidevu hakijabanwa kifuani. Fundo nimelikaza ulivyonifunza.

Unakumbuka tulivyokucheka? Ulikuwa ukimbeba mtoto wa dada kwenda shambani, na kila baada ya hatua chache mkono wako unarudi nyuma kumshika mguu. Tulikuwa tukisema, "Mama anahesabu vidole, anaogopa kimoja kimeanguka kwa majani chai." Wewe hata hukutabasamu.

"Nahesabu, ndiyo," ulijibu. "Mtoto akinyamaza, usifurahi. Shika mguu kwanza."

Mimi kitinda mimba ndiye niliyecheka zaidi.

Mwezi uliopita nilikuwa natoka kupeleka majani ya chai kituoni kupimwa, Chelangat mgongoni, mvua ya mawe ikanikuta njiani. Nilifungua ile nailoni tunayojifunga kiunoni tukichuma chai, nikamfunika gubigubi, kichwa na yote. Nilijiona mama hodari, hakuna tone litakalomgusa. Alilia kidogo, kisha akanyamaza. Nikamshukuru Mungu kwamba amelala.

Mkono ukarudi nyuma wenyewe, Mama. Nilishika mguu, nikaufinya, haukurusha teke. Niliirarua ile nailoni, nikamfungua palepale barabarani. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nilimpuliza usoni, nikamwita jina, mawe yakitupiga sote wawili, mpaka akavuta pumzi na kulia. Sijawahi kupenda kilio namna hiyo. Nilikimbia naye hadi dispensari, wakampima, wakasema yuko sawa.

Jioni nilimweleza shangazi. Alikizungusha mkononi kikombe chake cha chai.

"Kwani mamako hakuwaambia maneno ya Chepkoech?"

Ndipo nikajua kwamba kabla yetu sote ulikuwa na msichana, huyo Chepkoech. Mvua kama ile iliwakuta mkitoka shambani, ukamfunika nailoni, ukafika nyumbani ukidhani amelala. Shangazi anasema ulipomfungua hukupiga kelele. Ulimshika tu miguu, ukakataa kuiachilia.

Nimekukasirikia kidogo, Mama. Ungetuambia. Lakini nikikumbuka vile tulivyokuwa tukicheka, na wewe unaendelea kuchuma tu, naona aibu mpaka machozi yananitoka. Uliogopa kila siku, tukadhani ni mazoea ya wazee.

Siku hizi mvua ikitukuta, namwacha Chelangat alowe kichwa. Jirani zangu wananisema, eti simhurumii mtoto. Nawaambia akilowa atakauka.

Sasa hivi amenyamaza. Nimeweka kalamu chini, nimemshika mguu, na amenipiga teke la mbavu. Vidole vyote vipo.

Pumzika, Mama. Msalimie Chepkoech, dada yangu mkubwa, na umwambie huku bado tunahesabu.

Ni mimi,
kitinda mimba wako, yule aliyecheka zaidi