Nilimwambia Mama ni Mafuta ya Kondoo

Mshauri, shikamoo. Hili sijawahi kumwambia mtu. Nina miaka kumi na sita, naishi Nyasubi, Kahama, shavu langu lina kovu la uji wa moto, shuleni nakaa dawati la peke yangu na nyumbani tupo mimi na mama tu, na kwa kuwa yeye hajui Kiingereza, hata maandishi ya dawa za kuku namsomea mimi. Dada Kudra wa saluni alipotuletea kichupa cha kufuta makovu mama akasema, "Mwanangu, soma, kimetengenezwa na nini?" Nikaona ni eksosomu, zimetokana na seli shina za mafuta ya binadamu, na chini kwa herufi ndogo: isichomwe sindano. Mshauri, huku kwetu unajua watu walivyouawa kwa ajili ya viungo, mama hataki hata utani wa hayo, angekitupa chooni, na mimi nilitaka shavu lipone. Nikamwambia ni mafuta ya kondoo. Za herufi ndogo nikazinyamazia.

Dada Kudra akanichoma vijisindano, nikavimba, nikapoa, kovu lipo palepale, ila mama anawaambia majirani limepungua, na Jumamosi anataka kilichobaki achomwe kwenye goti lake linalomuuma. Nikinawa uso nawaza haya ni mafuta ya nani, na sina wa kumuuliza. Nikisema atanichukia, nikinyamaza atachomwa. Nasikia ndala zake zinakuja mlangoni. Siku zote hufunika daftari. Leo naliacha wazi.

JIBU

Marahaba, binti. Nimeitanguliza barua yako kwa sababu ya hiyo Jumamosi. Kwenye nyongeza uliyoandika nyuma ya karatasi naona mama aliingia, akauliza unaandika nini, ukasema kazi ya shule.

Hakuna aliyeuawa kwa ajili ya shavu lako. Eksosomu ni vifuko vidogo mno ambavyo seli hutoa ili kupelekeana ujumbe, na mafuta yenyewe kwa kawaida hutolewa hospitalini na mtu aliyekubali. Wataalamu bado wanachunguza kama zinasaidia makovu na magoti. Lakini kichupa cha saluni hakuna anayejua kina nini, na kimeandikwa kisichomwe. Wewe ulilisoma hilo ukanyamaza! Nakuonea huruma, ila hapo sikutetei.

Leo hii kichukue, kaa karibu na mama, umsomee upya mpaka herufi ndogo. Kesho nendeni hospitali wote wawili, wewe na shavu, yeye na goti. Atakasirika. Usikimbilie chumbani. Umekaa peke yako vya kutosha. Kaa hapohapo agombe mpaka amalize.